Naomba ushauri: phở ya asubuhi Hanoi, naagizaje?

Wakuu, salaam. Mwezi ujao naenda Hanoi, Vietnam, kikazi na chumba nilichopangiwa hakina kifungua kinywa. Hilo halinisumbui. Mimi ni mtu wa supu na chapati, na wenzetu kule wanaamkia bakuli la supu ya mifupa ya ng'ombe yenye tangawizi ya kuchoma na mdalasini, tambi za mchele zikiwa ndani. Ndiyo hiyo phở. Sitalala njaa.

Shida ni nyama. Kwenye phở bò, yaani ya ng'ombe, kuna chín, nyama iliyoiva kabisa, na tái, vipande vyembamba vibichi vinavyomwagiwa supu ya moto bakulini. Mliokula tái, inaiva kweli? Tumbo langu si la kulijaribia ugenini.

Kubwa zaidi, mimi ni Mwislamu. Phở gà ni ya kuku, sawa, lakini uchinjaji je? Na vile vibanda vya viti vifupi vya plastiki pembeni mwa barabara, huwa hawachanganyi mifupa ya nguruwe kwenye sufuria? Najua kuna msikiti wa Al-Noor mtaa wa Hàng Lược. Kuna anayejua pa kula halali karibu na hapo, panapofunguliwa mapema?

Halafu, unalipa kwanza au ukishakula? Na vile vijiti vya unga vya kukaangwa, quẩy, unachovya kwenye supu au unakula pembeni? (Mimi nitachovya tu, hata mkikataa.)

Mliowahi kuishi huko nisaidieni. Wa "beba mkate wako" mnisamehe.