Mabaharia wa meli za kitalii tunavutishwa moshi, na tukisema tunaambiwa hayatuhusu

Wakuu, naandika hapa kwa sababu humu melini nimeshachoka kusema.

Mimi ni mhudumu wa vyumba, mtoto wa Tanga, mwezi wa tano huu katika mkataba wa miezi minane. Jana tulikuwa Barcelona, gati la Moll Adossat. Kutwa nzima meli imefungwa na majenereta yananguruma, maana huu ni mji mzima: viyoyozi, majiko na taa havizimwi. Jioni honi ikalia, abiria wakajaa sitahani wakipiga makofi. Wanaacha moshi wa bandari, wanaifuata hewa safi ya bahari.

Hewa safi ipi? Tangu tarehe 1 Mei 2025, salfa kwenye mafuta ya meli Mediterania yote haitakiwi kuzidi asilimia 0.10. Lakini kampuni inaruhusiwa kuendelea na mafuta mazito ya bei rahisi ikifunga skraba, mtambo wa kuosha moshi kwa maji ya bahari. Maji yakishaosha yana asidi na metali, na yanamwagwa baharini humohumo! Bandari nyingi za Ulaya zimeyakataza, kwa hiyo tukiwa gatini tunachoma mafuta masafi, tukishatoka tunarudi kwenye mazito na koki ya maji hayo inafunguliwa. Denmark imekataza mpaka maili 12 kutoka pwani tangu Julai 2025. Kwa nini wengine wanasubiri?

Na sisi je? Chumba changu kiko chini ya usawa wa maji, hakina dirisha, tunalala wawili. Mahali petu pa kuliona jua ni kasitaha ka wafanyakazi kule tezi, yaani nyuma ya meli, nyuma ya dohani. Upepo ukitoka omo, yaani mbele, moshi wote unatushukia. Pangusa kiti, kidole kinatoka cheusi. Wiki ya tatu hii nakohoa.

Nilipomwambia msimamizi alinijibu, "Wewe ni wa vyumba, ya injini yanakuhusu nini?" Nimeumia sana, wakuu. Nafanya kazi siku saba kwa wiki, sina siku ya kupumzika kifua.

Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unaniruhusu kulalamika humu melini, hata kwa mkaguzi wa bandari, bila kuadhibiwa. Aliyewahi kufanya hivyo mkataba wake ukiwa haujaisha aniambie: alianzia kwa nani, na kampuni ilimwita tena?