Mjadala: Klabu iliyoporomoka kutoka juu ipewe nafasi katika ligi ya kanda?

Mleta hoja

Katikati ya mwaka 2024 klabu ya Reading iliiondoa timu yake ya wanawake katika daraja la pili la England, kwa kuwa fedha za kuiendesha hazikuwapo tena, nayo ikapangwa daraja la tano, katika ligi ya kanda ya kusini. Timu hiyo ilikuwa Ligi Kuu hadi mwaka 2023, na Fara Williams, aliyeichezea England mechi 172, ndipo alipomalizia soka lake. Je, klabu zilizokuwa tayari katika ligi hiyo ya kanda zimetendewa haki?

Mimi nasema hapana, na sababu yangu ni hesabu. Daraja la tano lina ligi nane za kanda, ilhali daraja la nne lina makundi manne tu. Kwa hiyo kwa kawaida bingwa peke yake ndiye anayepanda, na wa pili, hata akizidiwa kwa tofauti ya mabao, hurudi palepale msimu unaofuata. Klabu hizi ni za watu wa mtaani. Mchezaji hulipa ada kutoka mfukoni mwake ili acheze Jumapili mchana, na si ajabu kumkuta mchezaji wa akiba amevaa koti juu ya jezi, kibendera mkononi, akimsaidia mwamuzi pembeni mwa uwanja. Timu iliyosubiri miaka mingi kupata nafasi hiyo moja huamka siku moja na kumkuta mgeni mwenye jina kubwa kwenye foleni.

Mchangiaji

Ndugu mleta hoja, kilichoshuka ni jina, si kikosi, kwa maana mchezaji wa kulipwa habaki pasipo na mshahara. Isitoshe, mabinti wa Reading wanaopenda mpira hawakuiingiza klabu katika madeni. Ungetaka waanzie wapi, ligi ya kaunti iliyo chini zaidi?

Mleta hoja

Kuhusu mabinti hao nakubaliana nawe kabisa, na sitaki wazuiwe kucheza. Ninachokilalamikia ni kwamba kipimo hakieleweki. Mwaka 2018 wanawake wa Sunderland, waliokuwa daraja la kwanza, walinyimwa leseni ya kucheza ngazi za juu wakaangukia la tatu. Mwaka huohuo Doncaster Rovers Belles, waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa wa daraja la pili, walishindwa gharama wakaiacha nafasi yao na kushuka. Sunderland walishuka ngazi mbili, Reading wakashuka tatu. Mwaka 2012, klabu ya wanaume ya Rangers ilipoanguka kifedha kule Uskoti, klabu za madaraja ya chini zilipiga kura zenyewe kuamua wapokelewe wapi, na kwa maoni yangu utaratibu huo ulikuwa na heshima zaidi kwa mwenyeji.

Pendekezo langu ni dogo: klabu inayoteremshwa kwa sababu za fedha ihesabiwe kuwa ya ziada katika ligi inayoipokea. Ikitwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza, ipande, lakini anayeifuata naye apande pamoja nayo, hata kama kundi moja la daraja la nne litalazimika kuwa na timu moja zaidi kwa mwaka huo. Gharama yake ni mechi mbili za nyongeza kwa kila klabu ya kundi hilo, moja nyumbani na moja ugenini. Anayeona gharama hiyo ni kubwa mno atueleze kwa nini yule wa pili ndiye ailipe peke yake.