Mjadala: Vitabu vya picha vya wasichana wakaidi viingie madarasani?

MLETA MADA

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa gredi ya pili, Kilifi. Muhula uliopita niliwasomea watoto kitabu cha picha cha msichana anayeziba pancha za baiskeli huku wavulana wakimcheka. Darasa lilifurahi mno. Siku ya tatu akaja baba wa mwanafunzi mmoja, kitabu mkononi. Nikajiandaa kusikia habari za mila na dini. Hakuzigusa. Alifungua ukurasa wa mwisho akaniuliza, "Mwalimu, huyu mamake mbona hana jina?"

Nikatazama. Msichana kainua spana juu, uso wote ni kicheko. Nyuma yake mama kainama mafigani, moshi umemfunika uso, na maneno ya chini yanasema binti aliapa hatakuwa kama yeye. Mzee yule akaniambia mkewe huamka saa tisa usiku kukanda mahamri, na mahamri ndiyo yaliyomnunulia binti sare ya shule. "Mwamfundisha mwanangu kumdharau mamake."

Sijalala vizuri tangu siku ile. Vitabu hivi viingie darasani au visiingie?

Mimi nasema viingie. Sisi tumekuzwa na hadithi ya msichana aliyekataa wachumba wote, akamchagua kijana mzuri wa mbali, kumbe zimwi. Mvulana anayewakaidi wazazi huenda akamuua nunda mla watu, mji mzima ukamsifu. Msichana akikaidi, huliwa. Mtoto wa miaka saba hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, keshaelewa.

Ila kitabu kinachompandisha binti kwa kumwaibisha mamake ni kibovu. Kinamwambia mvulana aliye dawati la mbele kwamba jiko ni mahali pa wajinga, naye akikua hatasogea. Nichoreeni kaka mtu kashika mwiko kwenye ukurasa ule ule dada alioshika spana. Hapo nitakubali kuna jambo limebadilika nyumbani kwao. Vitabu vingi nilivyoviona humtoa msichana jikoni, na hakuna anayeingia kushika zamu yake. Basi nani amepika siku hiyo? Mama yule yule.

MCHANGIAJI, LAMU

Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi napinga, na sipingi kwa chuki. Bibi zetu walilelewa kwa utendi, shairi refu la mawaidha, aliouusia mshairi Mwana Kupona kwa bintiye mnamo 1858: utake radhi za Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Huo ulikuwa ulezi, na ulijenga nyumba. Leo mtoto apewe picha za kumwonyesha kwamba heshima ni minyororo? Na vitabu vyenyewe vyatoka wapi? Wangari Maathai, yule mama mpigania miti, ni wetu, mzaliwa wa Nyeri, lakini vitabu kadhaa vya picha juu yake vimetungwa Marekani, kwa Kiingereza. Kimoja, cha mwaka 2010, kinaitwa Mama Miti. Jina ni la Kiswahili, ndani ni Kiingereza. Kwanza tuandike wenyewe, ndipo tuambizane kukaidi.

MCHANGIAJI, TANGA

Huku kwetu Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu kadhaa vya watoto shuleni kwa hoja ya maadili. Sitetei vilivyokuwamo. Ninachoogopa ni kwamba neno "maadili" ni pana sana, na msichana anayepanda mti anaweza kusombwa nalo siku yoyote. Mwalimu, usikitoe kitabu. Kisome, kisha uwaulize watoto swali lile lile la yule mzee.

MLETA MADA

Dada wa Tanga, swali nimeliuliza jana. Darasa lilimpa mama jina, wakabishana nusu saa nzima. Wengi walitaka aitwe Mama Mahamri.

Ndugu wa Lamu, wa aleikum salaam. Juu ya lugha umenishinda, sina la kujibu. Kwa Mwana Kupona naomba turudi mwanzoni mwa utendi wenyewe. Mama yuko kitandani, anaumwa, anamwita binti aje aketi karibu. Anamwambia aje na nini? Wino na karatasi. Miaka ya 1850, kwa Waswahili, msichana anaitwa aje aandike, na anayemtungia tenzi ni mama. Picha hiyo hakuna aliyeichora kwenye kitabu cha mwanangu. Wewe unaona humo binti anafunzwa kutii, nami naliona hilo. Lakini naona na kalamu pia, na sioni kwa nini nichague moja.

Na kama tunataka mkaidi wa kwetu, Mekatilili wa Menza tunamtafutia wapi? Mwaka 1913 aliwazungusha Wagiriama kwa ngoma ya kifudu kuwapinga Waingereza waliotaka vijana wao wakafanye kazi. Wakamkamata, wakampeleka mbali hadi Kisii, akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Husimuliwa kwamba alimletea ofisa wa Kiingereza, Champion, kuku na vifaranga vyake, akamwambia jaribu kukichukua kimoja. Kuku akamrukia. Hicho ni kitabu cha picha tayari! Na kuku yule ni mama, ndugu zangu. Hajamwacha kifaranga ili awe shujaa.

Nimezungumza na kijana anayechora mabango ya matatu hapa mjini, amekubali kunichorea. Maneno nitayaandika kwa Kiswahili, kisha mzee mmoja wa Kigiriama ayaweke kwa lugha yake. Tumemaliza kurasa mbili. Tunachobishania sasa ni wavulana kwenye picha ya kifudu: yeye anataka wasimame kando wakitazama, mimi nataka wawemo ngomani. Nyinyi mnasemaje?