TAZARA ing'olewe, ijengwe SGR? Mimi napinga

Wadau, wapo wanaosema kwamba kwa kuwa SGR (reli ya kisasa) ya Dar–Dodoma inapiga kazi tangu 2024, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ing'olewe, ijengwe upya kwa upana wa SGR, yaani milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Napinga kabisa.

Tukumbuke reli hii ilijengwa kwa ajili gani. Walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walipojitangazia uhuru mwaka 1965, shaba ya Zambia ilikosa njia ya kuaminika ya kufika baharini. Benki ya Dunia ilikataa kutoa fedha. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wa Zambia wakaelewana na China, na kati ya 1970 na 1975 zikatandikwa kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Aliyepanda treni kutoka Mlimba kwenda Makambako anajua ugumu wa kazi ile: umetoka kwenye mpunga wa Kilombero, mara giza la handaki, mara uko juu ya daraja na bonde liko chini kabisa, mara handaki jingine. Mafundi wa Kichina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto.

Sasa upana. TAZARA ni milimita 1,067, na haikutokea kwa bahati. Ndio upana wa Zambia, Zimbabwe, Katanga ya Kongo na Afrika Kusini. Behewa lililopakiwa Dar laweza kupita Kapiri Mposhi likaendelea kusini bila kushushwa gunia hata moja. Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000. Tofauti yao haifiki vidole vinne, lakini Kidatu, zinapokutana, lazima mzigo uhamishwe kutoka treni moja hadi nyingine. Mnataka tujenge Kidatu nyingine Kapiri Mposhi, kwa mabilioni?

Kuna anayesema reli hii imeshindwa. Kweli haijawahi kubeba mzigo wote iliokusudiwa kubeba, huku malori ya shaba yakijipanga Tunduma. Lakini kilichopungua ni vichwa vya treni, mabehewa na matengenezo ya njia. Hayo yana dawa, na dawa yake haihitaji kung'oa taruma hata moja lililo zima.

Wa SGR nijibuni hili: behewa lenu la 1,435 likishafika Kapiri Mposhi, litaendelea na safari kwa reli ipi?