Kujifunza skii Innsbruck: Nordkette au Patscherkofel?

Mto Malagarasi: Ndugu zangu, nitakwenda Innsbruck, Austria, kwa mafunzo ya kazi, na nimedhamiria kujifunza skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao zinazofungwa miguuni, kabla ya kurudi Kigoma. Nimebaki na milima miwili: Nordkette, unaopandwa kwa treni na magari ya waya kutoka katikati ya mji, na Patscherkofel, ulio upande wa kusini, ambao hufikiwa kwa basi. Naomba ushauri kabla sijalipia masomo.

Mama Gungu: Mwanangu, umetutajia milima lakini hukujitaja mwenyewe. Una umri gani, umewahi kukanyaga theluji, na mwalimu unamtaka wa peke yako au wa kundi? Fundi hakati kitambaa kabla ya kumpima mwenye nguo.

Mto Malagarasi: Shikamoo mama. Nina miaka 34, theluji nimeiona kwenye televisheni tu, na nitakuwa huru Jumamosi na Jumapili.

Mnyamwezi wa Ipuli: Basi Nordkette ifute. Niliishi mjini humo miaka miwili. Kituo cha Seegrube kipo mita 1,905 juu ya usawa wa bahari na cha Hafelekar mita 2,256, na miteremko ya huko juu ni mikali mno kwa mgeni. Panda siku ya kwanza uutazame mji, unywe chai, kisha ushuke kwa gari lile lile ulilopandia. Masomo yafanyie Patscherkofel.

Mvuvi wa Kibirizi: Patscherkofel ndio mlima uliotumika kwa mbio za kushuka za wanaume katika Olimpiki za 1964 na 1976. Huo nao utauitaje mlima wa wanaoanza?

Mnyamwezi wa Ipuli: Kaka, mlima mmoja una njia nyingi. Austria huzipaka rangi: buluu ni nyepesi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ya mabingwa. Hakuna atakayemlazimisha kupita alikopita Franz Klammer, bingwa wa mbio hizo za 1976.

Fundi wa Ujiji: Mimi naona mnabishania mlima ilhali hatari ipo kwenye kifungio cha ubao wa skii. Nilipojifunza, katika nchi nyingine ya Ulaya, duka la kukodisha lilinipa fomu inayouliza uzito, urefu, umri na uzoefu, kwa sababu kifungio kinachoshika buti hukazwa kwa kufuata majibu hayo ili kiachie mtu anapoanguka. Nyuma yangu walisimama watoto wa miaka saba waliojua kila kitu, nami kwa aibu nikajiandika kuwa mzoefu. Siku ya pili mwalimu, ambaye lugha yake sikuielewa hata nusu, alitupeleka kwenye njia nyekundu. Nilianguka polepole, kama gunia linaloinamishwa. Mwili uligeuka, ubao ukabaki palepale, kifungio hakikuachia. Kano ya goti ilichanika, na nikatembelea magongo wiki sita. Mwalimu alikosea, lakini fomu niliijaza mwenyewe. Kwa hiyo, tafuta kwanza mwalimu mnayeelewana lugha.

Dada wa Isevya: Poleni sana, Fundi. Je, mtu wa Kigoma hatasumbuliwa na mwinuko?

Mnyamwezi wa Ipuli: Innsbruck ipo mita 574 tu, chini kuliko uso wa Ziwa Tanganyika wenye takriban mita 770. Sisi wa Tabora, tulio kwenye mita 1,200 hivi, ndio tunaoteremka kwenda huko kwenye milima ya Alps.

Mvuvi wa Kibirizi: Mmeanza majivuno yenu. Atakayemsumbua ni jua, maana theluji huurudisha mwanga usoni. Achukue miwani na mafuta ya kujikinga.

Mto Malagarasi: Nawashukuru. Nimeelekea Patscherkofel, kwa kundi, mwalimu anayezungumza Kiingereza. Nitafika katikati ya Aprili.

Mnyamwezi wa Ipuli: Aprili? Hilo ndilo ungelianza nalo! Wakati huo milima ya karibu na mji huwa inafunga au imekwisha kufunga. Itakubidi uende kwenye barafu ya kudumu ya milima ya Stubai, takriban kilomita 45 kutoka mjini, ambako theluji hudumu zaidi, na sasa hesabu ya nauli na ya siku inaanza upya.

Mama Gungu: Na mafunzo hayo ya kazi ni ya wiki ngapi, mwanangu?