Baiskeli ya kwanza ya milimani, mfuko mwembamba

Wakuu, natafuta baiskeli yangu ya kwanza ya milimani na hela si nyingi. Urefu wangu sentimita 168. Kuna moja mpya imeniteka: springi mbele na nyuma, gia 21, kilo 18. Nichukue?

Jibu 1:
Achana nayo, ndugu yangu. Nilianza na ya aina hiyo. Kila kilima niliisukuma, na springi ya nyuma ilianza kulia kabla mwezi haujaisha. Kwa bei ya chini, springi ya mbele tu inatosha. Kilichobaki kiweke kwenye breki za diski, za mafuta ukiweza. Gia 21 zisikubabaishe: yangu ya sasa ina 10 na napanda nayo popote.

Jibu 2:
Mtumba je?

Jibu 1:
Mtumba safi, ila kagua fremu pale ilipochomelewa kama kuna ufa. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba. Vuta cheni pale mbele, kwenye gia ya pedeli. Ikiachana sana na meno, imekwisha. Halafu simama juu yake, mguu huku na mguu huku: bomba la juu likikugusa, kubwa hiyo.

Muulizaji:
Nimeenda kuijaribu. Kuipandisha ngazi tu nimehema! Natafuta mtumba.