Wenye shule wanataka walimu wawili wapewe bastola. Tukubali, au tuombe polisi?

Mjumbe wa Bodi
Wakuu, naomba ushauri wa watu wanaoyajua haya mambo, ushabiki tuuweke kando. Shule ni ya bweni, wanafunzi 420, madarasa 14, mabweni manne, geti moja kubwa na kageti kadogo upande wa jikoni. Kituo cha polisi kipo mwendo wa dakika 25 kwa gari. Wenye shule wameleta mapendekezo mawili: walimu wawili wapelekwe mafunzo na wapewe bastola, au tuombe askari mwenye silaha akae getini. Wanaotetea walimu wanasema hao tayari wapo ndani. Wanaotetea askari wanasema hiyo ndiyo kazi yake. Kila njia inaharibikia wapi hasa, na tuulize nini kabla ya kupiga kura? Vibali na sheria vipo kwa mwanasheria, hayo tuyaache.

Lindo Kuu
Mkuu, tatizo la pendekezo la pili ni hilo neno "getini". Askari mmoja aliyekaa getini, bunduki begani, kila siku kiti kilekile, ndiye mtu wa kwanza kupigwa. Anayekuja kwa nia mbaya anachagua saa na upande wa kutokea, askari hachagui. Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, Aprili 2, 2015, washambuliaji walianza na walinzi wa getini ndipo wakaingia mabwenini. Watu 148 walikufa, na kikosi maalumu kutoka Nairobi kilifika baada ya saa nyingi.

Mkiomba polisi, ombeni wawili kwa kila zamu. Getini abaki mlinzi wa kawaida asiye na silaha, mwenye redio ya mawasiliano na kitufe cha king'ora. Askari wakae ndani, mita 20 hadi 30 nyuma ya geti, mahali wanapoliona geti lakini wao hawaonekani kirahisi kutoka barabarani, na pawe na ukuta wa zege wa kujikinga. Bati na mbao havizuii risasi. Mifuko ya mchanga inazuia. Na kageti ka jikoni msikasahau, maana askari wote wakitazama geti kubwa, huko ndiko mtu atakakoingilia.

Jambo la pili ni amri. Silaha kuwepo na silaha kutumika ni vitu viwili. Sekondari ya Parkland, Florida, iliposhambuliwa kwa bunduki Februari 14, 2018, askari mwenye bastola alikuwepo shuleni na akabaki nje ya jengo. Watu 17 waliuawa. Shule ya msingi ya Uvalde, Texas, iliposhambuliwa Mei 24, 2022, maofisa 376 walifika kwa jumla, na zilipita dakika 77 kabla mlango wa darasa haujafunguliwa. Tangu shambulio la shule ya Columbine, 1999, polisi wa Marekani wanafundishwa kuingia bila kusubiri kikosi maalumu, na siku hizi hata askari wa kwanza akiwa peke yake. Kwa hiyo swali la kumwuliza mkuu wa kituo ni moja: askari mtakayetuletea ameandikiwa aingie mara moja, au asubiri wenzake? Akijibu kwa mdomo, mwombeni aandike.

Chaki Nyeupe
Mimi niongelee pendekezo la walimu. Kabla ya kuuliza kama mwalimu ana moyo wa kufyatua, ulizeni: saa 2:40 asubuhi, ameinama juu ya dawati la mtoto anasahihisha hesabu, bastola iko wapi?

Majibu yako mawili tu. La kwanza, kiunoni. Hapo inakaa sentimita 30 kutoka mikononi mwa watoto siku nzima. Anaamulia ugomvi, anasukumwa, mtu anaishika. Anakwenda chooni, analegeza mkanda, anaiweka juu ya tangi la maji, anarudi darasani bila hiyo. Msicheke, Marekani silaha za walimu zimeokotwa vyooni, na walioziokota ni wanafunzi. La pili, kwenye kabati la chuma ofisini. Basi pigeni hesabu: darasa la mwisho liko mita 120 kutoka ofisini, akimbie kwenye korido ileile yenye risasi, afungue kabati mikono ikitetemeka, apakie magazini, arudi. Kwa mtu mwenye mazoezi hiyo ni dakika moja na zaidi, na watoto wake 30 amewaacha na nani?

Halafu kuna kulenga. Uchunguzi wa kitaalamu wa polisi wa New York ulionyesha kwamba kati ya 1998 na 2006, katika majibizano ya risasi, walipata shabaha kwa asilimia 18 tu. Hao ni watu wa kazi hiyo. Risasi nne kati ya tano zinakwenda kwingine, na shuleni kwingine ni darasa la jirani. Muda wa mafunzo ya wafanyakazi wa shule wenye silaha Marekani nao haufanani: Florida inadai saa 144, Ohio tangu 2022 inaruhusu saa 24. Saa 24 ni siku tatu za kazi. Machi 2018, California, mwalimu mmoja ambaye pia alikuwa askari wa akiba alifyatua bastola hadi darini katika somo la usalama wa silaha.

Savana
Chaki, umeeleza vizuri lakini umeruka kitu. Dakika 25 ni za kwenye karatasi. Ongeza muda wa kupokea simu, kutafuta dereva, kutafuta mafuta. Kundi lililojipanga likija usiku, hiyo ni nusu saa nzima shule ikiwa peke yake. Pakistan, baada ya shule ya Peshawar kushambuliwa Desemba 16, 2014 na zaidi ya watoto 130 kuuawa, jimbo la Khyber Pakhtunkhwa liliwaruhusu walimu kubeba silaha. Kusini mwa Thailand walimu wamebeba kwa miaka. Hao hawakuwa wajinga, walikuwa hawana wa kumtegemea.

Ila anayefuata njia hiyo aifuate kikamilifu. Silaha ibaki mwilini muda wote au isiwepo kabisa. Kuiweka kwenye droo au begi ni marufuku. Mkoba wake uwe wa kufunga kwa hatua mbili au tatu, si ule wa kuchomoa tu, na kifyatulio kifunikwe chote. Risasi ziwe na daftari: zimetoka ngapi, zimerudi ngapi, nani kasaini. Shabaha ipimwe kila miezi mitatu, ikiwemo kulenga baada ya kukimbia mita 50, na anayeshindwa arudishe silaha siku hiyohiyo. Kazi yake ni kulinda mlango wa chumba alichomo, basi. Asitoke kumwinda mtu. Askari wakiingia wanamwona mtu mzima ameshika bastola kwenye korido, na hawana muda wa kuuliza jina. Wapatane na polisi mapema kuhusu fulana ya rangi fulani na neno la kujitambulisha, na askari wakitokea tu, bastola chini, mikono juu.

Yote haya yagharimiwe na shule. Kama bajeti haitoshi kwa mazoezi ya kila robo mwaka, basi na bastola haitoshi.

Chaki Nyeupe
Hayo masharti nayakubali, ila nani atayasimamia mwaka wa tatu, mkuu wa shule akishahama? Na usiseme itakuwa siri. Watoto 420 watajua ni walimu gani kabla ya Ijumaa, na mwenye nia mbaya akiwa mwanafunzi ataanza na hao.

Nondo na Bawaba
Mleta mada, mnagombania bastola na milango hamjaikagua. Bastola ya nani haijalishi. Kinachowapa watoto zile dakika 25 ni mlango.

Parkland, mshambuliaji hakuingia darasa hata moja. Alipiga kupitia vioo vya milango. Waliokuwa kwenye kona isiyoonekana kutoka kwenye kioo wengi walipona. Madarasa mengine kona hizo zilikuwa zimejaa makabati na meza, watoto hawakuenea. Uvalde, mwalimu aliufunga mlango wa nje lakini haukujifunga kwa ufunguo kama ulivyotakiwa, na kitasa cha darasa moja kilijulikana kuwa kibovu.

Sasa nendeni kesho mkapime. Mwalimu asimame ndani, mlango wazi, umhesabie: afunge kwa ufunguo bila kutoka nje. Zaidi ya sekunde tano, kitasa hicho hakifai. Vitasa vingi vya shule hufungwa kwa nje, maana yake mwalimu atoe mkono na kichwa kwenye korido kutafuta tundu. Mnataka kitasa chenye kitufe au kipete ndani, na ufunguo mkuu mmoja unaofungua madarasa yote kwa nje. Kutoka ndani kifunguke kwa kushusha mkono wa kitasa mara moja, bila ufunguo.

Fungueni skrubu za bamba la komeo kwenye fremu. Mtakuta za milimita 20, teke moja zinang'oka na kipande cha mbao. Wekeni za milimita 75 zizame hadi ukutani. Fremu yenyewe ikicheza ukiisukuma kwa bega, kitasa kizuri ni hela ya bure. Kioo kilicho karibu na kitasa, mtu anakivunja na kupitisha mkono: kihamisheni, au kibandikeni plastiki nene ya kuzuia vipande. Plastiki hiyo inachelewesha mkono, risasi haizuii, muuzaji asiwadanganye. Kisha chukueni chaki, simameni nje kwenye kioo, mchore sakafuni mpaka wa sehemu isiyoonekana. Watoto 30 waliobanana wanahitaji kama mita za mraba 10. Hapo pasikae kabati.

Na lile jiwe! Kila shule ina jiwe la kushikilia mlango usijifunge wakati wa joto. Mnafunga kitasa cha bei mbaya halafu jiwe linakaa pale mwaka mzima. Rekebisheni madirisha yaingize hewa, jiwe litaondoka lenyewe.

Mjumbe wa Bodi
Nondo, asante, hili hatukuligusa kabisa. Mabweni yana madirisha ya nondo na mlango mmoja mmoja, matroni anafunga kwa kufuli usiku. Hayo si tayari salama?

Nondo na Bawaba
Hapana mkuu, hayo ni hatari kuliko mshambuliaji. Sekondari ya Kyanguli, Kenya, Machi 2001, bweni lilichomwa usiku. Madirisha yalikuwa na nondo, mlango mmoja ulikuwa umefungwa, wavulana 67 walikufa. Moto wa bweni ni jambo linalotokea mara nyingi zaidi kuliko bunduki, kwa hiyo kila kinachoongezwa kwa ajili ya bunduki kipimwe kwanza kwa moto.

Kila bweni liwe na milango miwili, ncha mbili tofauti, inayofunguka kwenda nje. Kufuli litoke leo. Wekeni upau wa kusukuma kwa ndani: nje hakuna mshikio, ndani mtoto akiegemea tu unafunguka. Mnaogopa watatoroka? Unganisheni na kengele inayolia upau ukisukumwa. Nondo za madirisha angalau mbili kwa bweni ziwe fremu ya bawaba, komeo lake ndani, bila ufunguo. Mlango unaofunguka nje bawaba zake zinaonekana nje, basi nunueni zenye pini isiyochomoka. Kisha zoezi usiku, taa zimezimwa: bweni liwe tupu ndani ya dakika mbili na majina yaitwe uwanjani.

Gauze
Naongeza la damu, maana watu husubiri gari la wagonjwa. Mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa ndani ya dakika tano. Kila jengo liwe na mikanda miwili ya kubana damu, pakiti za gauze na glavu, ukutani, si stoo yenye kufuli. Mkanda unafungwa mkononi au mguuni tu, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya kiungo. Unakazwa hadi damu isimame, unaandika saa, haulegezwi mpaka hospitali. Jeraha la kinena au kwapani, gauze inasokomezwa ndani na kugandamizwa kwa uzito wa mwili. Walimu wote wafundishwe, nusu siku inatosha.

La mwisho: wanaoshambulia shule kwa bunduki Marekani wengi ni wanafunzi wa palepale au waliowahi kusoma hapo, silaha wengi wao huitoa nyumbani, na mara nyingi kuna mwenzao aliyeambiwa. Tengenezeni njia ya mtoto kusema bila kujulikana, na watu watatu wenye zamu ya kusoma taarifa hizo kila siku, Jumapili ikiwemo. Taarifa inayosomwa Jumatatu haina faida.

Mjumbe wa Bodi
Tunakutana na mkuu wa kituo wiki ijayo. Mbali na ile amri ya maandishi, nimwombe nini?

Lindo Kuu
Mpe ramani ya shule yenye namba za majengo, na namba hizo mzipake ukutani kwa herufi za nusu mita, zionekane kutoka barabarani. Mpe seti ya ufunguo mkuu ikae kituoni kwenye gari la doria, maana Uvalde askari walihangaika na funguo kwa mlango ambao huenda hata haukuwa umefungwa. Andikianeni kwamba askari wake hatumwi kuchapa wala kupekua watoto. Akianza kazi ya nidhamu, watoto hawatamwambia kitu. Mwulize silaha inalala wapi usiku, nani anashika zamu yake akiugua, na kama wale wanaotoka kituoni wamewahi kuingia humo madarasani. Waalike likizo, shule ikiwa tupu. Waje na gari lao, wapige saa kuanzia simu inapopokelewa hadi wanapofungua mlango wa darasa la mwisho, usiku na mchana. Hiyo ndiyo dakika yenu ya kweli, na ndiyo ya kumpa Nondo apimie milango.